Yule daktari wa meno aliyesema "bibi havuti" ajitokeze hapa!

Wakuu, nimetoka kwake sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Mnamjua, yule wa ghorofani mwenye vyeti mpaka chooni.

Bibi yangu ana kidonda pembeni mwa ulimi, mwezi umepita hakiponi, na jirani yake kuna baka jeupe, ukilifuta halitoki. Jamaa kachungulia muda wa kupiga chafya, akatamka: "Kansa ya mdomo ni ya wavuta sigara. Bibi havuti."

HAVUTI! Bibi anatafuna tambuu tangu mkoloni hajaondoka! Jani limefungwa popoo, ile kokwa ngumu, na chokaa na tumbaku, midomo myekundu mtu anaiona toka barabarani. Popoo peke yake, hata bila tumbaku, wataalamu wa kansa wa Shirika la Afya Duniani walishaitangaza tangu 2004 kuwa inasababisha kansa. Yeye kasomea wapi? Kidonda cha mdomoni kikipita wiki mbili hakijapona, kinachunguzwa, kinakatwa kipande kidogo cha nyama kinapelekwa maabara. Ulimi unashikwa kwa shashi, unavutwa kushoto na kulia, chini yake panapapaswa, shingoni zinatafutwa tezi. Huyu hata glovu hakuvaa! Kakaa mbali kama bibi atamng'ata, "havuti", halafu anataka elfu sitini ya kusafisha meno. Bibi mwenyewe kabakiza manne!

Barabara ya Kumi: Huyo huyo! Shemeji yangu alimwambia ni fangasi, akampa dawa ya kusukutua. Anafika Ocean Road, hospitali ya kansa, tezi zimeshavimba.

Mzee wa Kahawa: Kwa hiyo bibi yuko nyumbani na kidonda, wewe uko huku unapiga kelele? Mpeleke hospitali ya mkoa.

Mleta uzi: Kesho alfajiri tunaondoka. Lakini HAVUTI, jamani! Mbele ya bibi!

Chuma Ulete: Kuberi, ile tumbaku ya paketi, nayo inahusika? Naulizia rafiki.

Barabara ya Kumi: Inahusika, na ugoro pia. Mwambie huyo rafiki afungue mdomo ajitazame kwenye kioo.

Mama Twaha: Mimi aling'oa zima, bovu akaliacha. Nikarudi, akanilipisha tena.

Kijana wa Ngamiani: Afadhali wa meno. Wa macho kanipa miwani ya mtu mwingine, wiki nzima naparamia ngazi.

Mzee wa Kahawa: Wa macho yupi, yule wa karibu na stendi?

Kijana wa Ngamiani: Huyo huyo!

Mama Twaha: Tufungulieni uzi wake, nina mengi.