Wenye selimundu (sikoseli), siku ambazo hujalazwa mnayabebaje maumivu? Tupeane uzoefu

Binti wa Njombe
Wakuu, juzi mvua ilinikuta kwenye bodaboda, nikafika kazini sketi imeloa chapachapa. Usiku saa nane mapaja yakaanza. Sasa hivi nimejilaza na chupa ya maji ya moto nyongani. Nina miaka 29, ugonjwa ulionekana nikiwa na miezi minane, vidole vilivimba mama akadhani nimeng'atwa na mdudu. Naulizia zile siku za katikati: hujalazwa, hujapona, na kazini wanakusubiri.

Mama Wawili
Pole mdogo wangu. Hizo za katikati ndizo zinazotumaliza.

Fundi Cherehani
Mimi nyonga ya kushoto mfupa ulikosa damu ukafa, kwa hiyo hakuna siku isiyouma. Nina chupa ya lita moja na nusu pembeni ya cherehani; adhuhuri ikiadhiniwa iwe imeisha, najaza nyingine. Kidonge cha foliki, cha kusaidia kutengeneza damu, kila asubuhi. Haidroksiyurea, dawa ya kupunguza hayo mashambulizi ya maumivu, nilianza 2021, kabla ya hapo wodini walinijua kwa jina, mwaka jana nimelazwa mara mbili tu. Ila lazima upimwe damu mara kwa mara, usijinunulie kienyeji. Na feni isikupige mgongoni.

Shangazi Rozela
Chemsha rozela, changanya na bitiruti. Vidonge vyote utaviacha.

Mama Wawili
Shangazi, rozela tunywe, lakini usimwambie mtu aache dawa. Wangu wa pili aliacha Mei kwa maneno kama hayo, Juni tukawa wodini anaongezewa damu.

Dada wa Kigamboni
Mmenitonesha. Sisi tuliougua tangu utotoni tumejifunza kuumwa kimya, na siku ile ukimya nusura uniue. Nilifika mapokezi usiku, kifua na mgongo vinawaka, nikakaa kwenye benchi na simu mkononi. Muuguzi akasema, "Wewe tena? Umezoea sindano. Mgonjwa wa kweli hachezei simu." Simu nilikuwa naangalia saa! Nilijiwekea kwamba kila dakika kumi najiruhusu kujigeuza mara moja, kwa sababu kujigeuza kulikuwa kama kuvunjwa mbavu. Nilijigeuza mara kumi na tisa. Alfajiri baba akaja, akapaza sauti korido nzima ikaamka. Daktari aliponibana kile kifaa kidoleni, oksijeni kwenye damu ilikuwa imeshuka hadi asilimia 84. Mapafu yalishaingiliwa. Siku sita kwenye mashine.

Fundi Cherehani
Mara kumi na tisa. Mungu wangu.

Kaka Mtata
Hospitali gani hiyo? Itaje.

Dada wa Kigamboni
Siitaji. Nitarudi pale pale, ndiyo iliyo karibu.

Mjomba wa Tabora
Pole sana binti, lakini wauguzi nao wana hoja. Mofini, hiyo dawa kali ya maumivu, inatengeneza mateja.

Mama Wawili
Mjomba, mtoto anauma mto asipige kelele, wewe unawaza uteja? Dawa apimiwe na daktari, apewe kwa wakati, basi.

Mjomba wa Tabora
Sikusema anyimwe.

Mama Wawili
Ndivyo anavyonyimwa, kwa maneno hayo hayo.

Kaka Mtata
Ndiyo maana nasema watu wapime kabla ya kuoana. AS kwa AS, yaani wote wawili wamebeba kinasaba cha selimundu bila kuumwa, kila mimba ni robo mtoto azaliwe nao ugonjwa.

Fundi Cherehani
Kweli, ila dada ameuliza ataishije leo. Sisi tumeshazaliwa.

Binti wa Njombe
Dada wa Kigamboni, siku hizi ukifika mapokezi unasemaje?

Dada wa Kigamboni
Sisemi, natoa karatasi. Nimeiandika: nina SS, yaani selimundu yenyewe, wingi wa damu yangu wa kawaida ni 7, dawa iliyonituliza mara ya mwisho na kipimo chake, namba ya baba. Nimeitia plastiki, inakaa nyuma ya kava la simu. Na wewe ukiona homa imevuka 38, au kifua kinabana, usisubiri kuche.

Binti wa Njombe
Homa sina, nimepima sasa hivi. Maji ya chupa yamepoa, mdogo wangu anachemsha mengine. Nimemwambia aniletee na kalamu.