Kaka anazidi kuwa mweusi hadi fizi, na analamba chumvi. Tuanzie kwa daktari gani?

BintiKilosa:
Habari za muda huu wakuu. Naomba ushauri, ikiwezekana leo hii.

Kaka yangu ni dereva wa lori, amevuka arobaini kidogo. Kwetu wote ni maji ya kunde. Tangu mwaka jana anazidi kuwa mweusi, na sio weusi wa jua, maana mistari ya viganja nayo imekuwa myeusi, fundo za vidole pia, na fizi zimepiga weusi ambao hakuwa nao. Kovu la upasuaji wa ngiri limekuwa jeusi tititi. Amekonda, hamu ya kula hana, akisimama asubuhi anashika ukuta. La ajabu zaidi, analamba chumvi kavu kutoka kwenye kopo.

Zahanati walipima malaria na VVU, hakuna kitu, wakampa vitamini. Miaka ya nyuma aliugua TB, dozi akamaliza. Sasa nyumbani kila mtu na lake: wifi anasema alipaka mkorogo kwa siri ukamgeuka, mama anasema karogwa, na mwenyewe kashanunua krimu ya kurudisha rangi. Je, ni ini? Ni ngozi? Tuanzie wapi?

Msemakweli_77:
Dereva, kioo cha upande wa kulia, jua la Dodoma. Kesi imefungwa.

BintiKilosa:
Mkuu, jua linaingia mdomoni?

Mama Tausi:
Pole sana mdogo wangu. Kizunguzungu hicho ni upungufu wa maji, mpe madafu mawili kwa siku wakati mnatafuta hospitali.

Darubini:
Mama Tausi, heshima yako, ila madafu hapana kwa sasa. Yana potasiamu nyingi, na kama ninachokihisi ni sahihi, potasiamu ya huyu ndugu inaweza kuwa juu tayari.

Dada, mimi ni mtu wa maabara, sio daktari. Ila weusi mpya wa fizi na viganja, kukonda, kizunguzungu cha kusimama, hamu ya chumvi, na TB huko nyuma, vyote kwa pamoja vinaelekeza kwenye tezi za adrenali, zile mbili zinazokaa juu ya figo. TB inaweza kuzila taratibu hata mtu akawa alishapona mapafu. Unaitwa ugonjwa wa Addison, kwa jina la Thomas Addison wa Guy's Hospital, London, aliyeuandika mwaka 1855. Nendeni kwa daktari bingwa wa magonjwa ya ndani, akiwepo wa homoni ndiye hasa. Ngozi hapa ni mjumbe tu.

Fundi Saa:
Darubini hebu fafanua. Tezi iko juu ya figo, fizi ziko mdomoni. Zinajuanaje?

Darubini:
Swali zuri, na jibu lake ndilo litakalomsaidia dada kubishana na wa nyumbani.

Adrenali zikifa, kotisoli, yaani homoni inayotoka humo, inashuka. Tezi ya pituitari, chini ya ubongo, ikiona hivyo inamwaga homoni ya ACTH kwa wingi ili kuziamsha. ACTH ni peptidi, yaani mnyororo mfupi wa asidi amino, na huu una 39. Zile 13 za mwanzo ni zilezile za homoni nyingine, alfa-MSH, ambayo kazi yake inayojulikana zaidi ni rangi ya ngozi. Undugu huo una sababu: zote mbili hukatwa kutoka protini mama moja inayoitwa POMC.

Sasa njoo kwenye ngozi. Seli zinazotengeneza rangi, melanosaiti, zina kipokezi kiitwacho MC1R, protini iliyoupenya utando wa seli mara saba. Hakihitaji kusoma peptidi yote. Kiini cha kinachokitambua ni asidi amino nne zinazofuatana: histidini, fenilalanini, arginini, triptofani. ACTH nayo inazo. Ikiwa ya kawaida kwenye damu hainyanyui kitu, lakini ikijaa kwa miezi, MC1R inaitika.

Ni sawa na kuita sokoni "Juma Hamisi Kondo!" Yuko Juma atakayegeuka akisikia jina la kwanza tu. Kipokezi cha adrenali, MC2R, kinasubiri jina kamili: kinataka pia kipande cha mbele zaidi, asidi amino ya 15 hadi ya 18, na bila protini msaidizi iitwayo MRAP hakifiki hata kwenye utando wa seli. Ndiyo maana alfa-MSH haiwezi kuiamsha adrenali, lakini ACTH inaweza kuiamsha ngozi.

Peptidi ikishakaa, kipokezi kinabadili umbo na kuisukuma protini ya G upande wa ndani. Hiyo inawasha kimeng'enya kinachotengeneza cAMP, molekuli ndogo ya kupeleka taarifa ndani ya seli, cAMP inaamsha kimeng'enya kingine, PKA, na taarifa inafika kwenye kiini cha seli. Huko jeni ya MITF inafunguliwa, nayo inaagiza tairosinezi, kimeng'enya kinachoanzisha utengenezaji wa melanini. Melanini inafungwa kwenye vifuko na kugawiwa seli za jirani. Krimu yake ya kurudisha rangi inahangaika na mwisho wa mstari huo wakati amri inaendelea kutoka kichwani.

Msemakweli_77:
Nimekuja kutania nimetoka na digrii.

Mrembo wa Tandika:
Mimi bado namuunga mkono wifi. Zile krimu za steroidi zinaua hizo tezi, hata redioni walisema.

Darubini:
Uko sahihi nusu, na hiyo nusu ni nzito. Klobetasoli au betamethasoni ikipakwa mwili mzima kwa muda mrefu inainyamazisha pituitari yenyewe, na adrenali zinalala kwa kukosa ACTH. Uchovu na kizunguzungu vinaweza kufanana. Lakini hapo ACTH iko chini, kwa hiyo MC1R haipati wa kuisukuma na fizi hazigeuki nyeusi kwa njia hii. Weusi huu unasema pituitari inapiga kelele. Hata hivyo mwulizeni kwa upole, na kama kweli anatumia za steroidi, asiache ghafla kabla ya kuonana na daktari.

Fundi Saa:
Na wenye ualbino, basi kipokezi chao ndicho kimekufa?

Darubini:
Hapana. Aina inayoongoza huku kwetu ni ya jeni ya OCA2, na kipokezi chao ni kizima. Tatizo liko ndani, kwenye vifuko vya kutengenezea melanini. Wazungu wenye nywele nyekundu ndio wengi wao wana MC1R dhaifu.

Nesi Mstaafu:
Naongeza machache. Fizi nyeusi kwa Waafrika wengi ni za kuzaliwa, msije mkatishana wote humu. Kinachohesabika ni weusi mpya. Pia kuna vinavyofanana: upungufu wa vitamini B12 huweusisha fundo za vidole, na dawa kama klofazimini hubadili rangi. Kwa hiyo apimwe, asibandikwe jina na mtandao.

Aombe sodiamu, potasiamu, sukari, kotisoli ya asubuhi mapema na ACTH. Kuna kipimo cha kuchoma tetrakosaktidi, ambayo ni asidi amino 24 za mwanzo za ACTH, kisha kotisoli inapimwa tena baada ya nusu saa na saa nzima. Adrenali zilizokufa haziitikii. Mweleze daktari habari ya TB waziwazi, maana rifampisini, dawa ya TB, huharakisha mwili kuivunja kotisoli. Akianzishiwa tena bila homoni kurekebishwa anaweza kuzidiwa.

Na akianza kutapika mfululizo, kuchanganyikiwa au kuzimia, hiyo ni dharura. Mpelekeni usiku huohuo na mtaje neno Addison mapokezi.

BintiKilosa:
Nawashukuru mno. Tumefika hospitali ya mkoa. Sodiamu iko chini, potasiamu juu. Kotisoli ya asubuhi imetoka chini sana. Daktari kamwanzishia haidrokotisoni, dawa ya kuziba pengo la kotisoli, na katuandikia rufaa, anataka na picha ya tumbo. Mama bado hajaridhika lakini kakubali. Damu ya ACTH wanasema itapelekwa Dar, majibu yatachelewa. Je, dawa isubiri majibu? Na rangi itarudi?

Nesi Mstaafu:
Dawa haisubiri, na asiiache hata siku moja. Akipata homa dozi inaongezwa, daktari atawaelekeza kiasi. Muulizeni pia kuhusu fludrokotisoni, hiyo ndiyo inayoshika chumvi mwilini.

Darubini:
Rangi hupungua taratibu kwa miezi, maana ACTH ikishuka kipokezi kinatulia na ngozi ya juu inabanduka yenyewe. Kovu linaweza kubaki.

Kuhusu ile damu, ulizeni kama ilichukuliwa kwenye chupa ya EDTA, kemikali inayozuia damu isigande, ikawekwa kwenye barafu na kutenganishwa mapema. ACTH inavunjwavunjwa na vimeng'enya vya damu ikikaa kwenye joto. Kama ilisafiri na basi kwenye mfuko wa rambo, jibu likija "kawaida" msilipokee bila kumwambia daktari ilivyosafirishwa.