Nimechoka na nyuzi za "ingekuwaje kama": silaha mnagawa, wapagazi mmewasahau

Wakuu salaam.

Naandika nikiwa na hasira na sifichi. Mada humu jukwaani ni ile ile, inabadilishwa nguo tu: ingekuwaje kama Mkwawa, chifu wa Wahehe, angekuwa na bunduki ya rashasha ya Maxim, ingekuwaje kama Idi Amin wa Uganda angeongezewa ndege za kivita za MiG kumi. Mnagawa silaha kama karanga za kupima kwa kikombe. Hakuna anayeuliza nani angezibeba, zingevuka mto gani, na huyo mbebaji angekula nini usiku.

Jumapili iliyopita ilinifika shingoni. Tulikuwa kijiwe cha kahawa Kariakoo, mtaa wa Sikukuu, mimi na mzee wangu. Kijana mmoja akawa anasoma kwa sauti kwenye simu: Amin angepewa ndege kumi zaidi, Dar ingeanguka wiki mbili. Watu wakaanza kushabikia kama Simba na Yanga. Mzee alikuwa ameshika kikombe, hajakigusa mdomoni. Akakiweka kwenye benchi, akanyanyuka, akaenda zake bila kuaga mtu.

Mwaka 1978 mzee alikuwa utingo wa lori la mtu binafsi, moja ya yale yaliyochukuliwa kupeleka askari na mgambo Kagera kwenye vita na Amin. Kutoka hapa Dar ni zaidi ya kilomita 1,300, na barabara za wakati ule ni vumbi, ikinyesha ni tope. Anasema walikuwa wakikata matawi wanayatandika chini ya tairi, lori linasogea hatua tano, wanayatoa nyuma wanayarudisha mbele. Kidole chake cha shahada hakikunjiki mpaka leo, jeki ilichomoka wakiwa Biharamulo. Ukimpa mkono unakisikia kimesimama kama kijiti. Hicho kidole hakimo kwenye hesabu zenu za MiG.

Sasa tujibizane kwa hoja. Majeshi ya Amin yaliingia Tanzania mwishoni mwa Oktoba 1978, wakalivunja daraja la Kyaka la Mto Kagera wao wenyewe. Mtu anayepanga kwenda mbele havunji daraja lililo mbele yake. Na sisi tusingevuka Mto Kagera kwa hotuba tu, hata ile ya Mwalimu ya Novemba 2 ambayo kila mtu humu anaikariri, uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Ilibidi daraja la muda la chuma lifungwe, kipande kwa kipande, ndipo watu na vifaa vipite. Uganda haina bahari, mafuta yake yalitegemea bandari ya Mombasa. Hizo ndege kumi zingeruka kwa maji ya Ziwa Victoria?

Mnapenda pia mapigano ya Lukaya, kule Uganda, Machi 1979, mkiandika Walibya waliokuja kumsaidia Amin wangepata vifaru zaidi mambo yangegeuka. Vifaa walikuwa navyo! Jioni ya Machi 10 brigedi yetu ya 201, yenye mgambo wengi, ilirudishwa nyuma kwa vurugu. Kilichookoa siku ile ni brigedi ya 208 iliyoamriwa kuzunguka na kuikata barabara ya Kampala nyuma ya adui, alfajiri adui akabanwa pande mbili. Ni miguu ile, wakuu. Mwezi mmoja baadaye, Aprili 11, Kampala ikaanguka.

Mkwawa nisimseme sana. Pale Lugalo, Agosti 1891, Wahehe waliteka bunduki karibu 300 za Wajerumani. Hata hivyo Kalenga, ngome ya Mkwawa, ilianguka Oktoba 1894. Bunduki inataka risasi, na kiwanda cha risasi hakikuwepo Uhehe.

Linaloniuma zaidi ni kwamba mnayaandika haya mkiwa Dar. Jina Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza waliopiga kambi pale baada ya mji kutekwa mwaka 1916. Wapagazi waliokufa upande wa Waingereza katika vita ile, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, walizidi 90,000, wengi wao kwa kuhara, malaria na njaa, hawakupigwa risasi. Mnasifia mizinga kumi ya meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, iliyozamishwa delta ya Rufiji Julai 1915, jinsi Wajerumani walivyoiopoa wakaendelea kupigana nayo nchi kavu. Iliopolewa na nani? Iliburutwa na migongo ya nani porini? Nendeni Posta mkaitazame sanamu ya Askari. Aliyewekwa juu mwaka 1927 ni mwenye bunduki. Wabebaji wametajwa kwenye maandishi ya chini, na watu wanapita na mifuko ya manunuzi bila kuyasoma.

Sisemi msijadili. Hata mimi napenda kujiuliza ingekuwaje, na Kagera ningeijadili hadi asubuhi. Ila kabla hujampa mtu silaha ambayo hakuwa nayo, mpe kwanza barabara, mafuta, unga na wabebaji, halafu uhesabu wangapi wangefia njiani.

Aliyeandika ile ya Dar wiki mbili, nakuita kwa heshima uje hapa. Taja barabara ambayo malori ya Amin yangepita kutoka mpakani Mutukula mpaka Ubungo, na useme utingo wake angekuwa nani. Mzee wangu bado hajarudi kijiweni, na nimemwahidi nitamsomea jibu lako.