Hedifoni za bei ya kati zinazodaiwa kufaa muziki, filamu na michezo: boksi linatupiga changa la macho

Ndugu wanajukwaa, naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Kwa mara ya pili nimenunua hedifoni ya Bluetooth ya bei ya kati ambayo boksi lake limeandikwa kwa herufi kubwa kwamba inafaa kwa muziki, filamu na michezo ya kompyuta, na kwa mara ya pili nimegundua kwamba ahadi mbili tu kati ya hizo tatu ndizo za kweli, huku ya tatu ikiwa haiwezi kutimizwa kwa jinsi chombo chenyewe kilivyoundwa. Kampuni iliyonitendea haya sitaitaja, kwa kuwa maboksi ya washindani wake niliyoyasoma dukani yameandikwa vilevile.

Isije ikasemwa kwamba nilinunua kwa pupa. Nilisikiliza wimbo ninaoujua kuanzia mwanzo hadi mwisho, na besi ilikuwa nzito bila kuumeza uimbaji. Kisha muuzaji akanionyesha kipande cha filamu, na midomo ya waigizaji ikaenda sambamba na maneno yao. Nikalipa. Jioni nilifungua mchezo wa kufyatuliana risasi, nikabonyeza kitufe, nikauona mwako wa bunduki, na mlio wake ukaja baadaye kama radi inayofuata umeme. Nilipowasha maikrofoni ili nizungumze na wenzangu, mambo yaliharibika zaidi: sauti yote ya mchezo ilififia ikawa kama inatoka ndani ya bomba, bila kushoto wala kulia, hata nisiweze kujua adui anatokea upande gani.

Niliwaandikia watu wa huduma kwa wateja. Kwanza waliniambia nisasishe programu, kisha nizime na kuwasha upya, na mwishowe wakaandika kwamba hedifoni haina hitilafu yoyote na kwa hiyo dhamana haihusiki. Kinachoniuma ni kwamba jibu hilo la mwisho ni sahihi. Haina hitilafu. Hivyo ndivyo inavyofanya kazi, na wao walilijua jambo hilo tangu siku waliyochapisha boksi.

Naomba nieleze nilichokigundua, maana wengi wetu tunazilaumu simu na kompyuta zetu bure. Sauti inayopita kwenye Bluetooth hubanwa kwanza kwa kodeki, yaani utaratibu wa kubana na kufungua sauti, hutumwa vipande vipande, huwekwa akiba kidogo ndani ya hedifoni ili mawimbi yakiyumba usisikie mkatiko, kisha hufunguliwa ndipo ikufikie sikioni. Kwa kodeki ya SBC, ambayo kila hedifoni ya stereo ya Bluetooth ya kawaida hulazimika kuwa nayo, safari hiyo yote mara nyingi huchukua milisekunde 150 hadi 250. Muziki haudhuriki, kwa sababu wimbo ukianza robo sekunde baadaye hakuna anayehisi. Filamu nayo huokolewa na ujanja ambao muuzaji hakuniambia, na pengine naye haujui: programu nyingi za kuonyesha video hupata makadirio ya ucheleweshaji huo, kisha huichelewesha picha kwa muda uleule ili midomo na maneno vikutane. Mchezo hauwezi kufanya hivyo, kwa kuwa picha yake inakisubiri kidole chako. Ukiichelewesha picha, mchezo wenyewe unakuwa mzito mkononi. Kwa hiyo jaribio la dukani la wimbo mmoja na kipande kimoja cha filamu haliwezi kamwe kuufichua udhaifu huu, hata likirudiwa mara mia.

Suala la maikrofoni linaudhi zaidi. Bluetooth ya kawaida ina njia mbili tofauti za kubeba sauti. Ya kwanza, iitwayo A2DP, hupeleka stereo nzuri kwa upande mmoja tu, kutoka kwenye simu au kompyuta kwenda sikioni. Ya pili, HFP, iliundwa kwa ajili ya mazungumzo ya simu: hupeleka na kurudisha sauti kwa wakati mmoja, lakini kwa mono, yaani bila kutenganisha kushoto na kulia, na kwa kawaida huchukua sampuli (vipimo vya wimbi la sauti) 8,000 au 16,000 tu kwa sekunde, ambapo CD huchukua 44,100. Kwa sampuli 8,000, chochote kilicho juu ya Hz 4,000 (mitetemo 4,000 kwa sekunde) hakiwezi kupita, na kwa sampuli 16,000 mpaka ni Hz 8,000. Upatu wa ngoma, mlio wa vioo vinavyovunjika na ule mchakacho mwembamba wa nyayo vyote hupoteza sehemu kubwa ya uhai wake. Maikrofoni ikifunguliwa, hedifoni huhamia njia ya pili, na stereo uliyoilipia inatoweka. Teknolojia ya LE Audio yenye kodeki ya LC3, iliyotangazwa mwaka 2020, inaweza kuliondoa tatizo hili, lakini ni pale tu ambapo hedifoni na kifaa unachokiunganisha nayo vyote viwili vinaiunga mkono.

Sasa tazameni kile ambacho boksi limeona kinastahili kuchapishwa badala ya hayo. Limeandika kwamba hedifoni inafikia Hz 40,000, wakati sikio la kijana mwenye afya huishia karibu na Hz 20,000 na mpaka huo hushuka kadiri umri unavyosonga. Limeandika kwamba spika za ndani zina milimita 50, kana kwamba ukubwa peke yake ni ubora, ilhali namna spika ilivyorekebishwa sauti yake na kukaa ndani ya kikombe chake ina uzito zaidi. Limejisifu kwa LDAC, kodeki ya sauti ya ubora wa juu, bila kusema kwamba iPhone haina kodeki hiyo. Limechora alama ya 7.1, yaani sauti ya spika nane zinazomzunguka msikilizaji, wakati ndani kuna spika mbili, moja kwa kila sikio. Hiyo 7.1 ni hesabu inayofanywa na programu kuiga jinsi sauti inavyochelewa na kubadilika kabla ya kulifikia sikio la upande wa pili. Baadhi ya michezo hufanya hesabu hiyo yenyewe, na ukiziwasha zote mbili kwa pamoja unapata mwangwi usioeleweka. Kwenye muziki mimi huizima kabisa.

Kuna watakaoniambia niongeze fedha. Mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alichapisha katika jarida la chama cha akustika (sayansi ya sauti) cha Marekani ulinganisho wa vipimo vya hedifoni 283, wala hakuona uhusiano kati ya bei na mwitikio wa masafa wa hedifoni hizo, yaani jinsi zinavyotoa sauti nzito na nyembamba. Bei inaweza kukununulia ngozi laini na bawaba imara, navyo ni vitu vizuri, lakini hainiambii kitu kuhusu milisekunde.

Mimi huvaa miwani pia, na mito ya hedifoni hii ni migumu kiasi kwamba mikono ya miwani huacha upenyo ambao besi inavuja kupitia hapo. Hilo nalisamehe, kwa kuwa ningeweza kulitambua dukani kama ningekaa nayo muda mrefu zaidi.

Nisichosamehe ni kufichwa kwa mambo ambayo mnunuzi hawezi kuyapima kwa masikio yake kabla ya kulipa. Nataka boksi liniambie sauti inachelewa kwa milisekunde ngapi kwa kila njia ya kuunganisha. Nataka liseme waziwazi sauti inakuwaje maikrofoni inapofunguliwa. Nataka kujua kama waya wa milimita 3.5 unafanya kazi betri ikiisha, na kama maikrofoni inaendelea kusikika ukitumia waya huo, kwa sababu kwenye hii yangu waya hubeba sauti ya kusikiliza tu, na nililigundua hilo baada ya kuuchomeka nikidhani nimepata suluhisho. Nataka pia kujua kama betri na mito vinaweza kubadilishwa. Vyote hivi wahandisi wao wanavijua, na nafasi iliyochukuliwa na picha ya radi kwenye boksi ingetosha kuviandika.

Sasa natafuta hedifoni ya bei ya kati yenye kipokezi chake cha USB cha masafa ya GHz 2.4 pamoja na Bluetooth, kwa sababu vipokezi hivyo kwa kawaida huchelewesha sauti kwa muda mfupi zaidi. Kwa yeyote anayemiliki ya aina hiyo, naomba afungue mchezo na maikrofoni kwa pamoja kupitia kipokezi hicho, kisha aniandikie hapa jina la modeli na kama sauti ya mchezo imebaki stereo.