Mask Girl: kati ya mama watatu, nani aliharibu? (Nimetaja mpaka mwisho wake)

Nyota wa Tandale
Wadau, nimemaliza Mask Girl jana saa nane usiku na usingizi haukuja. Kama hujaitazama na unataka kuitazama, pita, maana nasema yote. Ni tamthilia ya Kikorea ya mwaka 2023, ipo Netflix, sehemu saba tu. Kim Mo-mi mchana ni mfanyakazi wa ofisini, ana umbo zuri ila sura yake kila mtu anaisema. Usiku anavaa barakoa, anacheza mbele ya kamera, wanaume wanamtumia hela. Mfanyakazi mwenzake, Joo Oh-nam, anamtambua. Damu inamwagika, Oh-nam anambaka Mo-mi, Mo-mi anamuua. Hapo mama yake Oh-nam, Kim Kyung-ja, anaanza kumwinda. Mo-mi anafanyiwa upasuaji wa sura, anajifungua binti, anamwacha kwa bibi yake, anaishia jela.

Watu wanaiita hadithi ya urembo. Mimi nimeona mama watatu: mama yake Mo-mi aliyemvunja moyo tangu mdogo, Kyung-ja anayelipiza kisasi cha mwanawe, na Mo-mi mwenyewe aliyemwacha mtoto. Nani aliharibu? Nasema wa kwanza. Binti akishaambiwa nyumbani kwamba ana kasoro, huko nje atamwamini yeyote atakayemwambia ni mzuri.

Sabuni ya Kigoma
Naungana na wewe dada. Mkorogo wangu wa kwanza alinipaka mama yangu mzazi. Nilikuwa kidato cha pili, dada yangu anaolewa, na mama hakutaka nisimame kwenye picha "nimefubaa". Ulikuwa kwenye kopo lisilo na karatasi, umepimwa kwa kijiko sokoni. Alinipaka usoni na shingoni, akaniambia nisipite juani. Baada ya mwezi nilikuwa uso fanta, vidole koka. Alifanya kwa mapenzi, hilo nalijua, na ndiyo maana mpaka leo sijaweza kumwambia kwamba siku ile niliacha kujiona. Mo-mi nilimwelewa tangu dakika ya kwanza.

Kaka Mkubwa 77
Mnahangaika na Mo-mi, wakati tatizo la ile tamthilia ni Oh-nam. Mtu mzima, anaishi peke yake na mwanasesere wake, hawezi kumsemesha mwanamke. Ndiyo matunda ya mtoto wa kiume kulelewa na mama peke yake. Baba hayupo, mama anamwabudu, anatoka mwanaume suruali. Kyung-ja alipanda, akavuna.

mjukuu_wa_bibi
Mimi nauliza tu, yule Mo-mi walimbadilishaje? Vipodozi au kompyuta? Maana kuanzia sehemu ya tatu ni kama mtu mwingine kabisa.

Fundi Viyoyozi
@Kaka Mkubwa 77 hebu rudia hapo. "Matunda ya kulelewa na mama peke yake"? Mimi nimelelewa na mama peke yake, Mbagala, tupo wanne. Saa tisa usiku namsikia anakoroga unga wa vitumbua, saa kumi na moja chuma kiko motoni. Ana alama za mafuta kuanzia kiganja mpaka kiwiko, mkono wa kulia, kama madoadoa ya chui. Kwa mkono huo nimesoma chuo cha ufundi, veta, na leo nina mke na watoto wawili ambao hawajawahi kuniona nimemnyooshea mwanamke mkono. Sasa niambie mimi ni suruali ya aina gani.

Mwanafunzi_Ansan
@mjukuu_wa_bibi ni waigizaji watatu. Wa mwanzo ni Lee Han-byeol, ndiyo kazi yake ya kwanza kabisa kuonekana. Baada ya upasuaji ni Nana, na yule wa jela ni Go Hyun-jung. Go Hyun-jung alishika nafasi ya pili Miss Korea mwaka 1989, halafu hapa wamemkata nywele zikawa fupi na kumpa nguo za mfungwa. Kila Mkorea wa umri wa mama zetu anamjua kwa uzuri wake. Kwa hiyo wakimwona pale wanaelewa ujumbe bila kuambiwa.

Nipo Korea mwaka wa tatu, niongeze kitu kwenye swali la Nyota, maana naona mnaliacha. Huku upasuaji wa kope, ule wa kutengeneza mkunjo juu ya jicho, mara nyingi wanafanya wasichana waliomaliza mtihani wa kuingia chuo, Suneung. Mtihani ni Novemba, chuo kinafunguliwa Machi, katikati hapo sura inapona. Anayelipa ni nani? Mara nyingi mzazi, na anayemsindikiza kliniki ni mama. Ni zawadi, kama kwetu mtu anavyonunuliwa simu akifaulu. Nikipita Gangnam, mtaa wa kliniki hizo Seoul, huwa nawaona wawili wawili kwenye duka la dawa, binti ana plasta puani, mama kashika mfuko. Kwa hiyo kumtenganisha "mama mbaya" na "jamii mbaya" ni kazi. Yule mama anajua picha ya mwanawe itabandikwa kwenye barua ya kuomba kazi. Sheria ilirekebishwa 2019, mwajiri haruhusiwi kuuliza kimo, uzito wala mali ya wazazi, lakini picha haikukatazwa.

Kaka Mkubwa 77
@Fundi Viyoyozi sikukutaja wewe mkuu. Nimesema kwa ujumla. Ukitupa jiwe gizani ukasikia kelele, ujue limempata mtu.

Fundi Viyoyozi
Limempata mama yangu. Ndiyo maana nimepiga kelele.

Bi Rehani
Hapo umemjibu, mwanangu. Mimi niko Muskati, kazi za nyumba, naitazama jikoni kwa simu watoto wa mabosi wakishalala. Niwaambie lililoniumiza. Kyung-ja alifungua kijiduka cha chakula karibu na shule ya Mi-mo, binti wa Mo-mi. Anamuuzia tteokbokki, vile vipande virefu vya unga wa mchele kwenye mchuzi mwekundu wa pilipili. Mtoto shuleni anatengwa, wanamwita mwana wa muuaji, hana pa kwenda. Yule mama anamwekea sahani, anamwongezea, anamwangalia akila. Na kichwani ana mpango wa kumuua, ili Mo-mi aonje msiba wa mtoto kama alivyouonja yeye.

Nililia wallahi. Mkono ule unamlisha mtoto kweli. Mapenzi yapo na sumu ipo, kwenye sahani moja. Na kumbe yule mtoto ni mjukuu wake wa damu, mtoto wa Oh-nam. Mimi nimemwacha wangu Kisauni kwa mama yangu, mwaka wa tano huu. Kwa hiyo mkisema Mo-mi "alimwacha mtoto", chungeni ndimi zenu.

Nyota wa Tandale
Dada Rehani, nisamehe. Niliandika bila kukufikiria wewe wala walio kama wewe. Nilikuwa nauliza kuhusu Mo-mi tu.

Bi Rehani
Nimekusamehe. Lakini ndivyo tunavyosemwa, kwa "kuhusu fulani tu".

Mchungaji Mdogo
Mimi nitoe dukuduku langu. Kwa nini mlokole ndiye awe muuaji? Kyung-ja anasali kuliko wote, Mungu hatoki mdomoni mwake, halafu kisu mkononi. Korea ina makanisa makubwa, nusu ya nchi ni Wakristo, na hiyo ndiyo picha wanayotupa?

Mwanafunzi_Ansan
Si nusu, mchungaji, wasio na dini ndio wengi zaidi. Ila makanisa makubwa yapo kweli. Na sidhani walimchafua mlokole. Walionyesha mtu anayemwomba Mungu ampe ruhusa ya jambo ambalo ameshaliamua. Mtu huyo hata msikitini yupo.

Bi Rehani
Yupo. Nimemfanyia kazi.

Kaka Mkubwa 77
Nirudi kwenye hoja yangu, maana mmeshaanza kunivika nisiyoyasema. Simtukani mama wa mtu. Nasema mtoto wa kiume anahitaji baba. Oh-nam alionewa shuleni tangu mdogo na hakuwa na mwanaume wa kumwonyesha jinsi ya kusimama. Mama alimwambia tu yeye ni bora kuliko wote. Mtoto akitoka nje anakuta dunia haikubaliani na mama yake. Hapo ndipo alipopasuka.

Sabuni ya Kigoma
Kaka, hapo umesema jambo ambalo lingekuwa zuri kama ungeanza nalo. Ila angalia: Mo-mi aliambiwa nyumbani ni mbaya, Oh-nam aliambiwa nyumbani ni bora. Wote wawili wakapasuka. Sasa mama aseme nini?

Fundi Viyoyozi
Na baba yake Oh-nam yuko wapi kwenye hesabu yako? Aliondoka, akamwachia mwanamke kila kitu, na lawama hana. Mwanamke anafanya kazi mpaka mgongo unapinda, mtoto akiharibika ni wake, mtoto akinyooka ni "damu ya baba yake". Hii hesabu nimeisikia kwenye kila msiba wa ukoo wetu. Baba yangu alikuja kwenye mahafali yangu akakaa kiti cha mbele. Mama alisimama nyuma, na ndoo ya vitumbua ya kugawia watu.

Kaka Mkubwa 77
Sawa. Sasa niseme ambalo sikutaka kulisema. Mwanangu ana miaka tisa, anaishi na mama yake. Mwaka huu nimemwona mara mbili. Natuma hela kila tarehe tano, risiti zote ninazo kwenye simu. Nikipiga, anaambiwa aseme yuko bize. Mtoto wa miaka tisa yuko bize na nini? Nilipomwona Oh-nam kwenye kile chumba chake, sikumwona Oh-nam. Mkanivamia kana kwamba mimi ni adui wa mama zenu.

mjukuu_wa_bibi
Pole sana kaka.

Dada wa Mbeya Mjini
Pole, lakini kuna upande wa pili hatujausikia. Wangu naye alikuwa anatuma risiti. Risiti ya elfu kumi.

Kaka Mkubwa 77
Humjui mama wa mwanangu, dada. Usinihukumu kwa ya mumeo.

Dada wa Mbeya Mjini
Na wewe humjui mama wa Fundi.

Nyota wa Tandale
Jamani, turudini kidogo. Mwanafunzi amesema jambo zito kuhusu mama kumlipia binti upasuaji kama zawadi na hakuna aliyemjibu. Sabuni ameeleza kuhusu mkorogo, naye tumemruka. Tupo kwenye risiti. Mimi nimebadilika kidogo toka asubuhi. Nilisema aliyeharibu ni mama wa kwanza. Sasa najiuliza kama yule mama hakuwa anamkinga mwanawe. Aliijua dunia inavyopokea sura ile, akaamua amvunje yeye mwenyewe mapema kabla hawajamvunja wengine.

Sabuni ya Kigoma
Ndivyo mama yangu anavyosema. "Nilikuwa nakukinga." Dada, kinga ile bado ipo kwenye ngozi yangu, nikikaa karibu na jiko uso unawaka. Na kazi ya mapokezi nilikosa pamoja na weupe wote ule, waliniambia wanataka mtu "mwenye mvuto". Simchukii mama. Ila neno kinga silikubali.

Mwanafunzi_Ansan
Huku wapo wasichana waliokataa. Mwaka 2018 walianza kuvunja vipodozi vyao, wanaponda poda, wanakata nywele, wanapiga picha. Waliita kuvua koseti, lile vazi la kubana kiuno. Mmoja niko naye darasani. Nilimuuliza nani alimpinga zaidi. Akasema mama, na hakupiga kelele, alilia tu. Aliogopa binti hatapata kazi.

Kaka Mkubwa 77
Waigizaji wa Kyung-ja na Oh-nam wote wawili walipata tuzo za Baeksang za huko Korea 2024, sivyo? Nilisoma mahali.

Mwanafunzi_Ansan
Ndiyo, Yeom Hye-ran na Ahn Jae-hong, waigizaji wasaidizi bora, upande wa televisheni.

Kaka Mkubwa 77
Walistahili. Yule mama anavyoitazama picha ya mwanawe, nilisimamisha tamthilia nikatoka nje kidogo.

Fundi Viyoyozi
Kaka, kama mwanao yupo Dar, shule zikifunga mlete kwangu na wanangu wawili wacheze. Mama yake mwambie ni kwa familia ya watu, si baa. Ongea naye kwa upole kwanza. Na lile neno la suruali hapo juu lifute.

Kaka Mkubwa 77
Yupo Kibaha. Nitajaribu. Neno nimeliona, muda wa kuhariri umepita. Mwambie mama yako shikamoo.

Dada wa Mbeya Mjini
Hivyo tumeshasameheana na Mo-mi hajapata jibu?

Nyota wa Tandale
Mo-mi alitoroka jela akamkinga binti yake na risasi kwa mwili wake. Jibu lake amelitoa mwenyewe. Mimi linalonikaa ni zile dakika za mwisho, ile video ya zamani ya Mo-mi mtoto jukwaani, anacheza, anasema anataka apendwe na watu wote. Binti yangu wa miaka sita alishtuka usingizini akaja sebuleni, nikawa nataka kuzima. Akaiona hiyo sehemu tu. Akauliza, "Huyu nani, mama, mbona anajua kucheza?" Kisha akashika kiuno, pale pale kwenye mkeka na nguo za kulalia, akaanza kumwigiza. Nilikuwa na neno mdomoni la kumwambia akalale. Nikasogeza meza.