Naomba ushauri: programu ya profoma itakayosomana na SAP Business One

Habari za kazi, wakuu. Tunauza na kufunga jenereta hapa Dar. Stoo na hesabu zimo kwenye SAP Business One, lakini profoma (hati ya bei anayopewa mteja kabla ya kununua) bado tunaandaa kwa Excel. Juzi mteja wa jenereta ya kVA 100, ambayo kwa volti 400 za fezi tatu hutoa takriban ampea 144, tulimwandikia swichi ya ampea 100, tena kwa bei ya zamani. Imeniuma, ni mteja wetu wa siku nyingi.

Nimejaribu kuandaa profoma kwa programu ya Odoo. Inazuia vizuri vifaa visivyoendana, ila bei nilizipakia upya kwa mkono.

Kuna aliyeunganisha programu ya aina hii na SAP kupitia Service Layer (njia ya SAP ya kuunganishwa na programu nyingine), bei zikasomwa moja kwa moja? Na sheria za vifaa kuendana mlizihifadhi upande upi?