Tairi la gari kwenye gurudumu la nyuma la pikipiki: je, linafaa?

Mkulima wa Hombolo
Ndugu wanajukwaa, salaam. Nasafirisha zabibu kwa pikipiki kutoka Hombolo hadi Soko la Majengo, Dodoma mjini, na tairi la nyuma linalika katikati mapema mno, mbali na pancha za miiba ya migunga ambazo kila apitaye njia za huku anazijua. Jirani ananishauri nifunge tairi la gari, kwa kuwa ni gumu na hudumu. Rimu yangu ni ya inchi 17, na matairi ya gari ya inchi 17 yapo mjini. Naomba ushauri kabla sijatoa fedha.

Fundi wa Nkuhungu
Ndugu Mkulima, hiyo 17 inaeleza kipenyo cha rimu tu. Rimu za pikipiki zetu za kazi zina upana wa karibu inchi 2, ilhali tairi la gari kama 205/50 R17 linahitaji rimu ya inchi 5 na nusu au zaidi. Halitakaa, na hata lingekaa lingesuguana na cheni. Linalonitia hofu zaidi ni umbo. Tairi la pikipiki lina mgongo wa mviringo ili unapolaza chombo kwenye kona, sehemu inayogusa barabara ihame taratibu kutoka katikati kwenda pembeni. Tairi la gari ni bapa kwa sababu gari halilali. Ukililaza linasimamia ukingo wake, usukani unakuwa mzito, na mguso wa barabara unapungua pale pale unapouhitaji. Juu ya mchanga wa makorongo yetu, ukiwa na mzigo nyuma, utaanguka. Tafadhali usijaribu.

Msafiri wa Barabara Kuu
Ni kweli kwamba Marekani wapo wanaofanya hivyo, hasa wenye Honda Gold Wing GL1800, pikipiki yenye uzito unaozidi kilo 350, ambayo tairi lake la nyuma la asili ni 180/60 R16 na wao huweka la gari la 195/55 R16. Wanasifu kwamba linadumu, nami siwapingi katika hilo. Hata hivyo watengenezaji wa matairi wanaonya dhidi ya zoea hilo, kwa kuwa kikalio cha tairi kwenye rimu ya pikipiki hakikuchongwa sawa na cha gari. Wamarekani hao wana rimu pana na barabara ndefu za lami. Sisi hatuna sababu ya kuwaiga.

Mkulima wa Hombolo
Nashukuru sana, ndugu zangu. Basi nifanye nini kuhusu mzigo?

Fundi wa Nkuhungu
Soma namba iliyo mwishoni mwa kipimo, ubavuni mwa tairi. Ikiwa ni 45, tairi hilo linaruhusiwa kubeba kilo 165; ikiwa ni 50, kilo 190, na humo umo wewe, zabibu, na sehemu ya uzito wa pikipiki yenyewe inayolalia nyuma. Tafuta la 50 lenye maandishi 6PR (PR ni kipimo cha uimara wa matabaka ya tairi), maana hilo lina ubavu imara kuliko la 4PR. Kulika katikati hutokana na kukimbia lami iliyonyooka kwa muda mrefu au na upepo uliozidi, kwa hiyo pima upepo asubuhi, tairi likiwa bado baridi, ufuate kiasi kilichoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki kwa safari yenye mzigo. Kwa miiba, nunua tyubu nene, na kila ukizibiwa pancha hakikisha fundi amepapasa ndani ya tairi, kwa sababu ncha ya mwiba iliyobaki humo hutoboa tyubu mpya siku hiyo hiyo.

Mwendesha Guta, Chang'ombe
Mzigo ukizidi kiwango hicho, fikiria guta. Langu lina matairi ya 5.00-12 nyuma, bapa kama ya gari, na hayana shida, kwa kuwa chombo cha magurudumu matatu kinakata kona bila kulala. Ila ya nyuma yabadilishwe yote mawili kwa pamoja. Jipya likiwa upande mmoja na kuukuu upande wa pili, chombo kinavuta kando hasa unapofunga breki.